Siku Niliyosoma Mshahara kwa Sauti

Nilikuwa nalipwa elfu ishirini na tisa kwa mwezi, baada ya makato. Naanza na hiyo kwa sababu kwa miaka mingi niliambiwa ni siri, na mimi nimechoka kutunza siri isiyonifaidi. Anayetaka kunishtaki kwa kusema, anishtaki. Mshahara ni wangu na mdomo ni wangu.

Hospitali ilikuwa Ruiru, ya mtu binafsi, gorofa tatu, duka la dawa chini na wodi ya akina mama na watoto juu. Mimi ni muuguzi. Nilikuwa nikitoka Kiganjo, Thika, kila asubuhi kwenda kazini, na hadi leo nakaa hapo Kiganjo na mume wangu. Sisi ni watu wa Magharibi. Yeye ndiye aliyepata kazi ya kiwanda huku kwanza, tukasema tutakaa kidogo tu, halafu turudi. Kiwanda kilipopunguza watu alikuwa miongoni mwa wale wa mwanzo kuonyeshwa mlango. Tangu siku hiyo kodi ya nyumba, unga, karo, vyote vikawa vinaningoja mimi, na mimi nangoja mkataba, kwa sababu walikuwa wananipa wa mwaka mmoja mmoja. Mwaka ukikaribia kwisha naanza kunyata. Nacheka hata kwa mambo yasiyochekesha, bora meneja ndiye ameyasema.

Sasa nikuambie tulivyokuwa tunafanya siku ya mshahara. Pesa zilikuwa zinaingia asubuhi, karibu na chai ya saa nne. Simu zinalia mezani, moja baada ya nyingine, na hakuna mtu anasoma. Unageuza simu kifudifudi, unapiga chai mafunda mawili ya haraka, halafu unasema, "Wacha nikimbie msalani." Choo cha wafanyakazi kilikuwa kimoja. Basi siku hiyo ungetukuta kwa foleni, watu wazima na akili zetu, wauguzi, mtu wa maabara, hata daktari na koti lake jeupe, tumeegemea ukuta tukingoja zamu ya kuingia kusoma ujumbe wa benki. Kila mtu akitoka amekunja uso. Mama aliyekuwa anatufanyia usafi alikuwa anatucheka waziwazi. "Ngai, leo mmekula nini nyinyi?"

Meneja ndiye alitufunza hivyo. Siku unayoandikwa kazi anakuita peke yako, anafunga mlango, anakutajia pesa kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtoto amelala hapo. Kisha anasema, "Hii ni kati yangu na wewe. Wengine hawapati hivi." Mimi nilitoka ofisini nikijiona wa maana sana. Wee! Kumbe kila mtu alikuwa anaambiwa hivyo hivyo.

Halafu akaja msichana mmoja, muuguzi mpya, mwenyeji wa upande wa Gatuanyaga, mchangamfu, hodari wa mikono. Nikapewa nimfunze kazi ya wodi yetu. Diploma yake na yangu ni sawa, lakini wodi ina mambo yake. Nikamwonyesha namna ya kutafuta mshipa kwa mkono wa mtoto mnene, namna ya kumwambia mama kwamba homa haijashuka bila kumvunja moyo. Alikuwa ananiita sista kwa heshima na ananichekesha siku nzima. Nilimpenda, na nasema hivyo mapema ili usije ukadhani nilikuwa na kinyongo naye.

Siku moja tunabadilisha mashuka, akalalamika. "Lakini sista, aki, hii elfu arobaini yao mtu anaishi aje?"

Alidhani sote tunapata arobaini. Angedhani nini kingine? Nilikunja pembe ya shuka, nikaichomeka vizuri chini ya godoro, nikamwambia, "Kweli, ni kidogo." Halafu nikaenda dirishani. Arobaini! Mtu niliyemshika mkono kumfunza mahali pa kuchoma sindano! Hasira ilinipanda, na haikuwa ya yule msichana. Baadaye nilimuuliza aliipataje, na jibu lilikuwa rahisi hata likaniuma zaidi. Alipoulizwa anataka ngapi, alitaja. Mimi nilipoulizwa nilisema, "Chochote mtakachoona kinafaa." Wakaona kinachofaa.

Mwisho wa mwezi ukafika. Tumekaa kwenye chai, simu zikaanza kulia. Yangu ikalia. Sikuigeuza. Niliifungua hapo hapo, nikasoma kwa sauti ile ninayotumia kuita majina ya wagonjwa, pesa zilizoingia, mpaka shilingi ya mwisho.

Haiya! Mtu wa maabara akaniuliza kama niko sawa kichwani. Yule msichana akaweka kikombe chini polepole, akaniangalia, macho yakamjaa machozi. "Sista, mbona hukuniambia?" Kisha akafungua simu yake, akasoma ya kwake.

Daktari wetu alikuwa kijana aliyetoka chuoni si zamani, analipwa kwa zamu. Sisi tulishaamua ana pesa, kwa hivyo mandazi ya kila siku yalikuwa yake kununua. Akapangusa mdomo, akasema mwezi mzuri anapata laki moja na kidogo, zamu zikipungua hata nusu hapati. Kisha akaongeza kwamba daktari bingwa anayekuja kutoka Nairobi kufanya upasuaji hupata kwa mgonjwa mmoja pesa ambazo yeye anazitafuta wiki nzima. "Na yeye akishashona anaenda zake. Mimi ndiye nakesha na mgonjwa."

"Pole daktari," nikamwambia, "na ukikesha sisi tuko wapi? Kwetu tumelala?"

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka mpaka akainua mikono. "Hapo umenishika, sista."

Sikuwa namwonea wivu, na sisemi muuguzi alipwe sawa na daktari. Amesoma muda mrefu kuliko mimi, na kosa lake linaweza kumfikisha mahakamani. Tofauti iwepo. Ninachosema ni kwamba hiyo tofauti itajwe mchana, mbele ya watu, na aliyeiweka aweze kuieleza bila kufunga mlango. Kati yangu na yule msichana tofauti ilikuwa ya nini? Hakuna aliyenieleza mpaka leo.

Meneja aliniita mchana huohuo. Nilidhani nafukuzwa. Kumbe alikuwa na chai na biskuti. Akasema mimi ni mfanyakazi mzuri, hesabu zangu zilikosewa, sasa atanipa arobaini, na mkataba mpya wa miaka miwili. Miaka miwili! Nilijikuta nimeshapiga hesabu ya kodi kichwani.

"Lakini hii ni kati yangu na wewe," akasema.

Wauguzi wawili wengine walikuwa wanalipwa kama mimi. Nilimuuliza kuhusu hao. Akasema hao hawanihusu. Nikamwomba anipe mpaka kesho.

Nyumbani nilimkuta mume wangu amepika sukuma, amenipakulia tayari. Nikamweleza yote. Hakufikiri hata kidogo. "Chukua. Nyamaza. Utayasema ukishashiba." Nikamjibu kwamba nikishashiba sitakuwa na la kusema. Akaniuliza kama hao wawili watakuja kutulipia kodi. Nikampigia kelele, mpaka majirani wakapunguza redio ili wasikie vizuri. Alikuwa na haki ya kuogopa. Mimi mwenyewe niliogopa. Lakini kila nikijiona nimeketi na wale wawili, wao wakienda msalani na simu zao na mimi nikiwaangalia tu, nilihisi kujidharau, na siwezi kuishi nikijidharau.

Kesho yake niliingia ofisini kabla sijavaa sare. "Asante kwa nyongeza," nikamwambia meneja, "naichukua. Na saa nne kwenye chai nitawaambia wenzangu wote."

Akanitazama sana. "Basi hatujaelewana."

"Tumeelewana vizuri kabisa."

Saa nne niliwaambia wote, na ile nyongeza sikuiona. Mkataba wangu ulipoisha hawakuniandikia mwingine. Nisikudanganye, nililia. Nililia njia nzima mpaka Thika, na mama niliyekaa naye kwenye matatu akanipa pole akidhani nimefiwa. Sasa nafanya vibarua kwenye zahanati moja ya Ngoliba, analipwa aliyekuja, siku usipoitwa hakuna. Kuna miezi napata chini ya ile ishirini na tisa. Mume wangu anabeba mawe ya ujenzi, mgongo unamsumbua, na tukikosana hakawii kunikumbusha arobaini niliyoitupa. Namwacha aseme. Nilijua nalipa nini.

Juzi juzi, tukila, simu ikalia, namba nisiyoijua. Kijana. Akanisalimia kwa adabu, akasema amepewa namba na yule msichana niliyemfunza. Yeye ni muuguzi, ameitwa mahojiano Ruiru, kwenye ile hospitali yangu, wodi ile ile.

"Samahani sista, najua si vizuri kuuliza. Walikuwa wanakulipa ngapi?"

Mume wangu aliacha kutafuna. Sauti ilikuwa inasikika, alijua ni nani na anataka nini. Nami iliniuma. Huyu anaenda kukesha kwenye zamu zangu, kutembea kati ya vitanda vyangu, na anataka nimsaidie kuingia.

Nikamwambia yangu. Nikamwambia ya yule msichana, aliyokuwa akipata wakati huo. Nikamwambia ya daktari, na ile niliyoahidiwa nikinyamaza.

"Usishuke chini ya arobaini," nikasema. "Wakikuuliza unataka ngapi, taja. Usiseme 'chochote mtakachoona kinafaa.' Na ukishaingia, waambie wale wengine umepewa ngapi."

"Na meneja akiniuliza nani ameniambia haya yote?"

"Mtajie jina langu," nikamwambia. "Majina yote matatu."