Kikombe cha Kijani na Wembe Mmoja

Mdogo wangu wa kike anaishi na virusi vya Ukimwi mwaka wa kumi na mbili sasa, na kila mwaka namshukuru Mungu. Dawa hajaziruka. Lakini alipokuja kwangu Sengerema kumzika kaka yetu, mke wangu alimtengea kikombe cha kijani na sahani yake. Niliona. Mimi katekista, mwalimu wa upendo, nikanyamaza.

Alikula peke yake karibu na jiko. Aliniambia tu kwamba matanga yakiisha atarudi Mwanza, na hajui kama atakuja tena. Siku hizi kuna daraja pale Busisi, kivuko hakisubiriwi. Si njia ambayo ingemzuia.

Asubuhi ya kuondoa matanga tulikaa uani kunyolewa nywele. Shangazi alininyoa, akanikata kidogo juu ya sikio, akaupangusa wembe kwenye kanga, akamgeukia binti yangu.

Mdogo wangu akasimama. "Shangazi, ngoja kwanza." Akafungua fundo la kanga yake, akatoa pakiti ya nyembe mpya. "Kila mtu na wake. Kikombe changu mnakiogopa, halafu wembe wenye damu mnapokezana?"

Shangazi akautazama ule wembe. "Kumbe mwenye hatari ni mimi." Watu wakacheka, isipokuwa mke wangu.

Ndipo mdogo wangu akatueleza kama alivyofundishwa kliniki. Virusi havipiti kwa kikombe, mate, jasho wala kushikana mikono. Hupita kwa kujamiiana bila kinga, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto katika mimba, kujifungua au kunyonyesha. Anayekunywa dawa vizuri hadi kipimo kisivione virusi, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana, na dawa hizo humlinda pia mtoto. Mazungumzo ya namna hiyo nimezoea kuyainamishia macho; siku hiyo nilimtazama.

Uji ulipoletwa, alikunywa nusu ya kikombe chake. Nikamwomba kilichobaki.

"Kaka, usinifanyie maonyesho," alisema kwa sauti ya chini.

"Nina njaa," nikamjibu, na ilikuwa kweli.

Mchana mke wangu aliweka ugali na samaki wa sato kwenye sinia moja. "Wifi, sogea," akasema, bila kumtazama usoni.

Akasogea. Nilikuwa nimeandaa sala ndefu ya chakula. Nikaishia kusema asante. Basi la alasiri la kwenda Mwanza likaondoka bila yeye.