Buibui Aliyelala Chali

Kwa miezi mitano mama alikataa kukanyaga chumba changu kwa sababu ya buibui niliyemfuga, jike mkubwa mwenye manyoya, ambaye sumu yake inaweza kumlaza mtu mzima siku nzima akilia kwa maumivu. "Iko siku nitamtupa huyo mdudu kwa moto," aliniambia karibu kila jioni.

Jumamosi moja mvua ya mawe ilinifukuza shambani kabla ya kikapu changu cha chai kufika nusu. Nilipoingia chumbani, nikakuta mkebe wa buibui uko wazi. Nikakimbilia jikoni. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, buibui amelala chali kwenye kiganja chake, karibu kabisa na makaa.

"Mama, usimchome!" nilifoka, mimi ambaye sijawahi kumpandishia sauti.

"Nani anachoma? Niliingia kufunga dirisha lako, nikamkuta hivi. Baridi imemshika. Namwotesha moto."

Hivyo ndivyo anavyofanya na vifaranga waliopigwa na mvua ya mawe. Lakini huyu hakuwa anakufa. Buibui wa aina hii hulala chali anapojivua ngozi, na mimi mjinga sikuwahi kumweleza mama.

Nikamwambia asitikise mkono hata kidogo. Nikasogeza mkebe polepole. Mguu mmoja wa buibui ukacheza, kisha wa pili.

"Umeona?" mama akanong'ona, akimwinua hadi karibu na pua yake. "Ameamka. Ondoa huo mkebe wako wa baridi hapa. Huyu mtoto bado ni mgonjwa."