Namba Nyuma ya Shaba

Ufunguo uliotoka mikononi mwa fundi huyu haukumkwaruza mtu. Kwanza tupa, kisha msasa, kisha kitambaa chenye mafuta. Chuma chochote kilichotua mezani pake kilipitia humo humo, hata bawaba za jirani.

Tokeni zake nazo hazikupona. Zilikuwa vipande vya shaba, mviringo, ambavyo wanajeshi walipewa kambini wakati wa vita wanunulie chai na sabuni kantini. Kwa miaka ishirini alizisaka minadani na kwa wauza vyuma chakavu. Alitaka za kambi moja tu, ile ya mpakani, alikopelekwa baba yake huku yeye akiwa bado tumboni. Baba hakurudi. Baba yake mdogo alishikilia kwamba hata huko hakufika.

"Aliruka kutoka kwenye lori njiani," mzee alisema kila ukoo ulipokutana. "Ana mke mwingine huko, ana wajukuu. Wewe endelea kuokota vifungo."

Mama yake fundi alizikwa akiitwa mke wa mtoro.

Siku moja fundi alizipeleka tokeni zake thelathini na moja kwa mama mmoja, mkusanyaji mwenzake. Yule mama aligeuza ya kwanza, ya pili, ya tano, akavua miwani.

"Nani kazisugua hivi?"

"Mimi, mama. Nyuma zilikuwa zimechakaa kwa mikwaruzo."

"Mikwaruzo!" Akavuta droo, akamwonyesha yake moja, imeingia ukijani. Nyuma yake mtu alikuwa amechora tarakimu kwa msumari. "Kila askari alichora namba yake ya jeshi, wenzake wasimwibie. Ya baba yako ilikuwa ngapi?"

Aliijua. Mama yake alikuwa akiitaja kama mtu anavyotaja jina la mtoto: 2064. Huenda ilikuwamo, na tupa yake ndiyo iliyoifuta. Shaba thelathini na moja zilimng'aria usoni kama vijiko vipya.

Wiki hiyo hakuchonga ufunguo. Alichukua tokeni moja, akaichora 2064 kwa msumari, akailaza kwenye chumvi na siki mpaka ikachafuka vizuri. Kisha akaenda kwa baba yake mdogo, akamwekea kiganjani.

"Soma, baba. Ni ya kambi ile; kila askari alichora namba yake."

Mzee aliisogeza dirishani. Akapapasa tarakimu kwa kidole gumba, moja moja. Fundi alikaa akingoja mzee amwombe radhi marehemu mama yake.

"Kumbe alifika," mzee akasema. "Katika kambi ile hakutoka mtu hai, mwanangu. Unadhani nilikuwa nikimtukana kaka yangu? Aliyetoroka si amepona! Miaka yote hii nilikuwa namhesabia wajukuu."

Akajiinamia, akalia kama aliyepata habari za msiba asubuhi hiyo.

Fundi alifungua kinywa aseme namba ile kaichora mwenyewe. Akamkumbuka mama yake kaburini, na lile jina la mke wa mtoro. Akakifunga.

"Pole, baba," akasema.