Uzi wa Kengele

Mzee Waya hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na majirani mwaka aliojenga nyumba, walipomwona akipitisha nyaya ndani ya kuta za kila chumba kabla lipu haijapigwa, hata chooni. Wenzake wakijenga huumiza kichwa juu ya vigae na mapazia. Yeye alikuwa fundi wa kampuni ya simu, amepanda nguzo miaka thelathini na ushei, na kwake nyumba isiyo na nyaya ukutani ilikuwa banda tu. Kila chumba kilipata waya mmoja wa simu na mmoja wa kompyuta. Zote zilikutana kwenye kisanduku cha bati kwenye korido, na kila mmoja ulifungwa utepe mweupe wenye maandishi ya mkono wake. Akigusa waya wowote aliandika tarehe na sababu. Mkewe alizoea kumtania kwamba siku atakapokufa atajifunga utepe mwenyewe kwenye kidole cha mguu ili wasije wakahangaika kujua kilichomuua.

Mtu wa namna hiyo ungetegemea afurahi siku binti yake alipoomba nyaya zile zitumike. Wapi. Aliusukuma mbele uji wake akasema nyaya zimezeeka, ziachwe.

Binti alikuwa amerudi kuishi nyumbani na kazi yake ya kufundisha hesabu kwa video. Alipewa chumba cha nyuma, jirani na cha wazazi wake, kwa sababu ndicho chenye utulivu. Ruta ilikuwa sebuleni, na kati ya sebule na chumba cha nyuma kulikuwa na kuta tatu za mawe. Waifai ikifika huko imechoka hoi. Katikati ya somo sura yake iliganda kwenye skrini za wanafunzi, mdomo wazi, mkono hewani, na watoto wakaipiga picha ile na kuichekea wiki nzima. Mkuu wake hakucheka. Alishamwonya mara mbili, na binti akawaambia wazazi kwamba kabla ya mara ya tatu itabidi afungashe virago, atafute chumba kwingine.

Ndipo akamleta Ngazi, fundi wa mtandao, dada mmoja mwembamba aliyepewa jina hilo kwa sababu hukuweza kumwona bila ngazi begani. Ngazi alizunguka nyumba akigonga kuta. Alipoona tundu la waya wa kompyuta kando ya kitanda cha binti alipiga magoti kulitazama, kisha akauliza nani aliijenga nyumba hii, maana alitaka kumpa mkono. Aliwaeleza kwamba hawana haja ya vile vifaa vya kurudiarudia waifai, kwa kuwa waifai dhaifu ukiirudia inabaki dhaifu. Waya uko tayari ndani ya ukuta. Upande mmoja utaingia kwenye ruta, upande wa pili utawekewa kisanduku kingine cha waifai humo humo chumbani, na binti atapata nguvu ileile iliyoko sebuleni. Alhamisi asubuhi angekuja kufungua kisanduku cha korido.

Mzee Waya alipewa mkono, akaupokea kama mtu anayepokea hati ya mahakama. Jioni ile alisema panya wamekula nyaya. Kesho yake alisema heri wanunue hivyo vifaa vya kurudiarudia. Mkewe na bintiye walitazamana. Mtu aliyewachosha wageni wote kwa kuwasimulia nyaya zake, leo anazisengenya.

Sababu yenyewe ilikuwa na miaka sita.

Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, aliwahi kusema mezani, mbele ya wazee waliofanya kazi na baba yake, kwamba kazi yao imeshakufa na dunia sasa inakwenda bila waya. Alisema akicheka. Baba mtu akamzaba kofi mbele ya wote. Kijana aliondoka alasiri ileile, akabadili namba, na hakuna aliyejua alikoelekea. Mwezi haujaisha, simu ya mkononi ya mama ikaibiwa, namba ikapotea nayo. Ya baba kijana asingeipiga, wote walijua hilo, na binti wakati ule alikuwa shule ya bweni, hana simu. Ikabaki simu ya mezani, iliyokaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha mama, ambayo namba yake mtoto yule aliikariri kabla hajajua kusoma. Mama alisema, atapiga hii. Hakuwa na wasiwasi wowote.

Asichojua ni kwamba juma lile la kwanza, damu ikiwa bado inamchemka, mumewe alifungua kisanduku cha korido. Katika nyumba zilizofungwa simu kizamani, nyuzi mbili hubeba sauti, na wa tatu huliza kengele. Ukiuchomoa wa tatu, simu inabaki nzima: ukiinua mkono wake unasikia mlio wa laini, ukitaka kupiga unapiga. Haitalia tu. Mzee Waya aliuchomoa uzi wa kengele. Akipiga, asipate, ndivyo alivyojiambia.

Alikusudia iwe wiki moja. Lakini mkewe alishaanza kushangaa ule ukimya, akamwomba aijaribu, si yeye ndiye fundi. Mzee akasema ameijaribu na inalia vizuri. Hapo ndipo alipojifunga kamba. Hasira iliisha mwezi wa pili, ikaja aibu, na aibu ilikuwa mbaya zaidi, maana kila siku iliyopita iliongeza kesi. Angeurudisha uzi, kijana akapata laini, neno lake la kwanza si lingekuwa kwamba alipiga na kupiga? Basi akaahirisha. Mwanamume mzima, aliyepanda nguzo kwenye mvua ya radi, aliogopa uzi mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti.

Na kila asubuhi mkewe aliinua mkono wa simu, akausikiliza, akaufuta kwa ncha ya kanga, akaurudisha. Mumewe aliyaona hayo kila siku akiwa anavaa viatu.

Alhamisi aliamua kuwahi. Mke alikuwa uani anafua, binti yuko chumbani na wanafunzi wake. Alifungua kisanduku, tochi mdomoni, miwani puani. Kurudisha uzi mmoja ni kazi ya dakika mbili, na baada ya hapo Ngazi aje afungue anachotaka. Ila macho yalikuwa na ukungu tangu mwaka juzi, na kila uzi aliuona mara mbili. Aliupata utepe kwa kupapasa, uzi ukamponyoka. Akaupata tena, ukamponyoka. Jasho likamwingia machoni.

Ngazi alimkuta hivyo. Binti ndiye aliyemfungulia mlango. Ngazi alielekeza tochi yake pale mikono ya mzee ilipokuwa, na akasoma utepe, kwa sababu utepe huandikwa usomwe. Kulikuwa na tarehe ya miaka sita nyuma. Chini yake: kengele, chumba chetu, imetolewa. Na chini kabisa, kwa mwandiko uleule safi: sababu, hasira. Tabia ni tabia, hata siku ile ilimshinda kuacha pa sababu patupu.

Ngazi hakujua habari za nyumba ile, lakini alijua kazi. Aliuliza kwa sauti ya chini kama na huo aurudishe. Mzee alitikisa kichwa kukubali. Ngazi akaurudisha kwa pigo moja la kifaa chake, akambandulia utepe, na mzee akautia mfuko wa shati.

Kazi iliyobaki ilikwenda vizuri. Waya wa kompyuta ulikuwa mzima, hakuna panya aliyeugusa. Ngazi aliuunganisha na ruta, akafunga kisanduku kipya ukutani kwa binti, taa ya kijani ikawaka. Binti aliita wanafunzi wake akawapungia mikono yote miwili, wakamwambia leo mwalimu anatembea, hagandi. Mzee Waya alisimama koridoni, na kwa mara ya kwanza wiki ile alipumua mpaka chini. Yamekwisha, alijisemea. Hakuna atakayejua.

Lakini fundi mzuri hujaribu kila alichogusa. Namba ya simu ya mezani ilikuwa imeandikwa ndani ya mfuniko wa kisanduku. Ngazi alitoa simu yake ya mkononi akaipiga, na wazo la kumzuia lilimjia mzee simu ikiwa imeshaanza kulia.

Ililia nyumba nzima. Beseni likaanguka uani. Mkewe, ambaye kwa sababu ya goti bovu hakuwa amekimbia miaka mingi, alipita mbele yao mbio, povu mpaka viwikoni, akaingia chumbani.

"Mwanangu?" walimsikia. "Mwanangu, ni wewe? Usikate, mama yako hapa. Usikate."

Ngazi alikuwa ameshika simu sikioni. Maneno yale aliyasikia mara mbili, kutoka chumbani na kutoka mkononi mwake.

"Mama," alisema mwishowe, "ni mimi fundi. Nipo hapa koridoni. Nilikuwa najaribu laini."

Kisha mama akatoka, anajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nilikuwa nimeusahau mlio wake," alisema. Akamgeukia Ngazi. "Kwani ilikuwa hailii?"

Ngazi akaanza kusema kwamba nyaya za zamani, mama, wakati mwingine... Alikuwa anampa mzee mlango wa kutokea, na mzee aliuona. Angeweza kupita.

"Niliizima mimi, mama watoto," alisema. "Juma lile alipoondoka."

"Na nilipokuuliza?"

"Nilikudanganya."

Binti alikuwa ametokeza mlangoni, na nyuma yake watoto waliita mwalimu, mwalimu, sauti zao safi kabisa. Mama alimtazama mumewe kwa muda, kisha akaacha kumtazama, akamuuliza Ngazi kama simu ile huweka kumbukumbu ya waliopiga. Ngazi akasema simu za namna ile haziweki.

"Na yule anayepiga," mama aliuliza, "kama huku imezimwa, kule yeye anasikia nini?"

Ngazi alimtazama mzee. Ilikuwa haki yake kujibu, ndiye aliyeifanya kazi hiyo miaka thelathini.

"Anasikia inaita," Mzee Waya alisema. "Inaita mpaka inakatika yenyewe."

"Kwa hiyo kama alipiga, alijua mimi nimekaa kando yake naisikia."

"Ndiyo."

"Na sitaki kupokea."

"Ndiyo," alisema mumewe, kwa kuwa ndivyo simu zinavyofanya kazi.