Mbuzi wa Hereni ya Njano

Pale shambani jina lake kamili lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi tu. Kwingine kote aliitwa Mlezi, na hata meneja, mtu aliyependa vyeo na karatasi, alimwita hivyo. Jina alilipata kwa kazi moja iliyowashinda wengine: kumfanya mbuzi aliyefiwa amkubali mtoto wa mwenzake.

Alijifunza kwa mama yake. Unamchuna mtoto aliyekufa kabla hajapoa, unamvika yatima ile ngozi kama koti, miguu minne katika matundu manne, kisha unamsogeza kwa jike kutoka nyuma, taratibu. Jike ananusa mkia. Harufu ikimridhisha, analegeza miguu na mtoto anapata mama. Sehemu ya mwisho ya mafunzo ilikuwa kunyamaza. Mama yake alimkanya asitamke, ndani ya banda, kwamba mtoto ni wa nani, mpaka siku ya tatu ngozi itakapovuliwa. Mbuzi hajui maneno, alisema mama, lakini sauti ya mtu anayedanganya anaijua.

Mlezi alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kanuni hiyo hakuwahi kuivunja.

Shamba lenyewe lilikuwa na mbuzi wa aina mbili. Nyuma ya uzio wa pili walikaa wa hereni za kijani. Hao, tangu wakiwa viini visivyoonekana kwa macho, walitiwa chembe ya urithi ya binadamu, ili maziwa yao yabebe dawa ya kugandisha damu. Kuna watu ambao wakijikata kidogo tu damu haikomi, na dawa yao ni adimu. Mwalimu mmoja wa namna hiyo aliwahi kuletwa kuwasalimia wafanyakazi. Aliwaambia kwamba kung'olewa jino kulimlaza hospitali wiki mbili. Alipomshika Mlezi mkono alimshukuru kama vile maziwa yalitoka kwake yeye.

Mbuzi wa hereni za njano walikuwa wa kawaida. Kwa kuwa maziwa ya wale wa kijani yote yalikwenda maabara, watoto wao walilishwa kwa chupa maziwa ya hawa wa njano.

Mwanzoni watu wa mtaa wa jirani hawakulitaka shamba lile. Walisema wale mbuzi ni nusu watu. Shuleni binti yake Mlezi aliulizwa kama mama yake anakamua mashangazi. Mkutano ukaitishwa, wataalamu wakaja na picha zao ukutani, na kadiri walivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kunong'ona. Mwishowe Mlezi akasimama, akifutia viganja kwenye gauni.

"Mimi mnanijua," alisema. "Mimi ndiye mkono wa kwanza kuyagusa yale maziwa. Tone halitoki nje ya uzio. Likitoka, niulizeni mimi."

Akakaa. Hawakupiga makofi, ila minong'ono ilikoma. Watu walirudi makwao wakiwa wameshika neno lake, si picha za ukutani.

Miaka saba baadaye, wakati wa mvua, mbuzi mmoja wa kijani alizaa watatu. Wawili walishika chupa. Wa tatu, jike mwenye doa jeupe kwenye paji, aliikataa, akawa analegea mikononi. Karani hakuwa amemwandika, maana walikuwa na desturi ya kutomwandika mtoto kabla hajamaliza siku ya kwanza. Daftari lilichafuka mno kwa kufutafuta waliokufa. Mchana huohuo mbuzi wa njano alizaa mtoto mfu, akasimama juu yake akimlamba na kumwita. Mlezi aliwatazama wote wawili, mama asiye na mtoto na mtoto anayekwisha, akachukua kisu.

Kufika jioni doa jeupe alikuwa ananyonya ndani ya koti lake la kuazima.

Asubuhi karani alipita na daftari chini ya kwapa. "Huyu wa nani?" aliuliza, palepale bandani.

Mlezi hakufungua kinywa. Alimwonyesha kwa midomo yule jike anayenyonyesha. Karani akaandika. Akilini mwake Mlezi alikuwa amepanga kumweleza siku ya tatu, ngozi ikishavuliwa, nje, mbali na masikio ya mbuzi. Siku ya tatu simu ililia: binti yake ameshikwa na uchungu, mimba ya kwanza, na mtoto amekaa vibaya. Aliondoka na viatu vya kazini. Alirudi baada ya wiki mbili, ameshakuwa bibi, amechoka mpaka kwenye mifupa, akamkuta doa jeupe anarukaruka na hereni ya njano sikioni. Alitabasamu, akapita; ile ya kumweleza karani ilikuwa imemtoka akilini. Kwake yeye mambo yalikuwa sawa. Mtoto alikuwa na mama.

Mwaka uliofuata shamba lilipunguza mbuzi wa njano, majirani wakapewa nafasi ya kwanza kununua. Doa jeupe, akiwa na mimba, alichukuliwa na wifi yake Mlezi, mke wa kaka yake, mwanamke wa mwili na maneno mengi, aliyekuwa na mjukuu wa miaka miwili na wateja sita wa maziwa.

Mlezi aliutambua ukweli jioni moja alipokwenda kusalimia. Wifi yake alimpokea na ndoo.

"Umekuja mikono mitupu, wifi. Basi walau uitumie."

"Mikono hii kazini inaheshimiwa. Hapa kwako nageuzwa kibarua."

"Nikamulie, bwana. Mbuzi huyu jana kanipiga teke, kaka yako akacheka, eti hatimaye nimepata wa kiasi changu."

Mlezi alichuchumaa. Mbuzi alitulia kama anayemkumbuka. Maziwa yalishuka vizuri na wanawake wale wawili waliendelea kutaniana, mpaka vidole vya Mlezi vilipoanza kukauka. Maziwa ya kawaida yakikauka kidoleni huacha mafuta kidogo. Ya kijani huacha kitu kingine, mnato mwembamba kama wa wanga, na kwa miaka tisa alikuwa akiuosha kila siku kabla ya kwenda kula. Alisugua kidole gumba na cha shahada. Akasugua tena. Kisha akatazama doa jeupe, na mvua yote ya siku ile ikamrudia.

"Mbona umenyamaza?" wifi aliuliza. "Au ndiyo unapiga hesabu ya kibarua chako?"

"Maziwa haya asiyaguse mtu," Mlezi alisema. "Hata mtoto. Nitakueleza kesho, nikishakuwa na uhakika."

"Mjukuu wangu anayanywa mwezi wa pili sasa."

"Najua, wifi. Ndiyo maana nakuomba."

Usiku ule hakulala vizuri. Alikwenda kazini kabla ya kengele na chupa ndogo mfukoni, akamkabidhi daktari wa mifugo, msichana wa umri wa binti yake aliyempenda kwa sababu hakuwahi kujifanya anajua asichokijua. Daktari aliyapima. Alipotoka maabara alisema ni ya kijani.

"Dawa hii huchomwa mshipani," alieleza. "Ikinywewa, tumbo huivunja kama linavyovunja yai. Nadhani haina madhara."

"Unadhani."

"Nadhani, mama. Hakuna aliyewahi kuipima kwa mtoto wa miaka miwili. Wala kwa mjamzito."

Miongoni mwa wateja wa wifi alikuwamo fundi cherehani, mimba ya miezi saba.

Meneja aliwasikiliza akiwa amefunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akasema watamnunua yule mbuzi mara moja na kutangaza kwamba ana ugonjwa wa kiwele. "Likitoka neno, watalifunga shamba. Yule mwalimu, na wenzake wote, watabaki bila dawa. Hilo umelifikiria?"

Alikuwa amelifikiria. Ndilo lililomgeuza kitandani mpaka alfajiri. "Na wakiuliza walichokunywa?"

"Hawatauliza."

"Hawatauliza kwa sababu mimi niliwaambia waniachie mimi," Mlezi alisema. "Walishika neno langu. Nikilifunika hili leo, siku wakija kujua hawatamwamini daktari wala mkunga wala mtu yeyote mwenye koti jeupe. Hapo ndipo yule mwalimu atakapokosa dawa kweli."

"Kwa kosa hili hutakamua tena hapa. Unaelewa?"

"Naelewa."

Alitoka na kofia ya kazi bado kichwani. Daktari alimfuata na sanduku la sindano, akasema atakwenda naye kuchukua damu za kupima. Meneja aliwatazama dirishani na hakuwaita.

Walianza kwa wifi. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akambeba mjukuu, akamgeuza huku na huku kama anayetafuta ufa kwenye chungu.

"Umenilishia mtoto dawa za watu," alisema. "Wewe, wa damu moja na mume wangu."

"Ndiyo."

"Sema kingine basi. Jitetee."

"Sina, wifi."

Nyumba sita zilizobaki alisema maneno yaleyale: mbuzi yule ni wa kijani, kosa ni langu, daktari huyu hapa, muulizeni lolote. Mwashi wa kona alicheka, akauliza kama sasa akijikata na mwiko damu itaganda kabla haijatoka. Alipoona Mlezi hacheki, akanyoosha mkono atolewe damu. Nyumba mbili ziliwafungia mlango, na kwenye ya pili mama mmoja alimwaga maji mlangoni pale waliposimama. Kwa nyingine mbili waliulizwa maswali mpaka daktari akakauka koo, naye kila asilolijua akasema hajui.

Fundi cherehani alikuwa wa mwisho. Aliendelea kushona huku Mlezi akieleza, kisha mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Ulijua tangu lini?"

"Jana jioni."

"Na ungenyamaza, ningejuaje?"

"Usingejua."

Fundi alikata uzi kwa meno, akakunja gauni la mtu, akalilaza. "Nisindikize hospitali," alisema. "Nikienda peke yangu nitaogopa."

Damu zote zilipimwa, na baadaye zikapimwa tena. Halikuonekana lolote, na fundi alijifungua salama. Shamba lilifungwa miezi mitatu. Watu walikasirika, wakaitisha mkutano mwingine, na safari hii walichagua watu wao wawili wa kuingia shambani wakati wowote, kukagua daftari na kuhesabu mbuzi. Daktari alisema afadhali ingekuwa hivyo tangu mwanzo, badala ya kumtwisha mkamuaji mmoja mtaa mzima mabegani. Daftari likaongezwa safu: aliyezaa, na anayenyonyesha. Mtoto akaandikwa akingali na ute, hata akifa saa hiyohiyo.

Mlezi hakurudishwa kukamua. Alipewa kazi ya kuosha mabanda ya njano. Doa jeupe alirudishwa na mtoto wake nyuma ya uzio wa pili, na kila Mlezi alipopita na ufagio mbuzi huyo alimwita kwa sauti ya kukwaruza, naye kila mara alimjibu. Wafanyakazi wapya huletwa kwake wajifunze kuvika ngozi. Anawaonyesha kila kitu alichoonyeshwa na mama yake, ila mwisho ameubadilisha. "Kwanza toka nje ukamwambie karani," huwaambia. "Kisha rudi unyamaze."

Shamba lilimpa wifi mbuzi wawili wa kawaida, waliopimwa mbele ya watu. Hakuna aliyenunua maziwa yao. Hata mayai ya kuku wake yalitazamwa kwa jicho la pembeni. Kwa miezi mitano wifi hakukanyaga kwa Mlezi, na kwenye msiba wa jirani walikaa mkeka mmoja wakipeana migongo.

Kisha asubuhi moja alitokea mlangoni na ndoo.

"Fundi cherehani kaleta jagi," alisema, bila salamu. "Na mwashi. Wawili tu, wengine hawataki kusikia. Lakini wana sharti."

"Sharti gani?"

"Nizunguke na wewe maisha yangu yote, ndilo sharti. Wanataka ukamue wewe. Nimewaambia huyu ndiye aliyewanywesha yale. Wananijibu, huyu ndiye aliyetuambia." Akaisukuma ndoo mbele kwa mguu. "Vaa viatu, jua linapanda."

Mlezi alikamua mbuzi wa kwanza. Ndoo ilipofika nusu aliinua mkono wake wa kulia, akaunyoosha juani, akangoja vidole vikauke.

"Vipi?" wifi aliuliza.

"Subiri kwanza."

Na wifi, ambaye hakuwahi kusubiri kitu maishani mwake, aligeuza kindoo cha kulishia, akakikalia, akasubiri.