Nilivyogomea makopo ya baruti yasiyo na lebo kwenye uwanja wa shabaha, Tabora

Wakuu, salaam kwenu. Nipo Isevya, Tabora, mvua imenifungia ndani, nikaona niwaandikie kisa changu. Humu hakuna chumvi. Mwenye shaka aje nimwonyeshe karakana.

Nilipoondoka kwenda Afrika Kusini kusomea ufundi wa bunduki, mtaani walisema nitarudi kuziba pancha. Mama mdogo aliwaambia majirani, "Huyo? Hata nati ya baiskeli inamshinda." Nimerudi na diploma, nimejenga, na hapa mjini sijakutana na mwingine mwenye ujuzi huu. Najisifu, ndiyo. Nimeutafuta mwenyewe.

Sasa nafanya kazi kwenye uwanja binafsi wa shabaha, njia ya kwenda Ipole. Vibali vyote tunavyo. Wanachama wengine wanalenga shabaha kwa bastola, wengine wanapiga visahani vya udongo kwa shotgani. Maganda ya risasi yaliyotumika nayasafisha na kuyajaza upya.

Wengi hudhani baruti ni baruti. Hiyo ni akili ya gobole. Wazee wetu walimimina baruti nyeusi kwa kukadiria, na wengi walinusurika.

Hizi za kisasa hazina msamaha.

Bastola ina mtutu mfupi, inataka baruti inayoungua haraka. Shotgani inategemea uzito wa marisau, zile gololi ndogo zilizomo ndani. Nikachagua aina moja ambayo kitabu cha mtengenezaji kinairuhusu kwa zote mbili, kila moja na kipimo chake. Tena ni nyepesi, inajaza ganda. Ukisahau ukaimimina mara mbili, inamwagika unaiona.

Turudi kwenye kisa.

Meneja wetu ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu Wanyamwezi walipobeba pembe za ndovu kutoka huku kwenda pwani.

Siku moja kabla ya shindano la wanachama, baruti yangu ikachelewa. Gari lilikwama Igunga. Meneja akaingia karakana na makopo mawili aliyoyakuta stoo, yameachwa na mpangaji wa zamani. Lebo zilishabanduka.

"Mnyamwezi, jaza hizi. Watu wanakuja kesho."

"Ni baruti gani?"

"Nyeusi nyeusi kama yako. Si una diploma wewe? Inuse."

Nikamwambia rangi haisemi kitu. Baruti mbili zinaweza kufanana kama pacha, na moja ikapasua mtutu.

Akakunja uso. "Usipojaza, mtani, kesho kutwa utafute mzigo ubebe, kama babu yako."

Hapo hakuwa anatania. Nikaona kazi inaondoka.

Mwajiriwa hawezi kumjibu bosi wake anavyotaka. Mtani anaweza.

"Sawa, najaza. Ila ya kwanza unafyatua wewe. Ukifa, mimi ndiye wa kukuigiza msibani, desturi unaijua. Nitavaa koti lako, nipite mbele ya ukoo wako bila mkono wa kulia, niseme nilikuwa nabana matumizi."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akayatazama makopo.

"Huo ndio mkono ninaolia wali, mtani," akasema, akatoka kwenda kuwapigia simu wanachama kwamba shindano limesogezwa mbele.

Makopo tuliyakabidhi kwa wahusika wakayateketeze. Gari lilipofika nikapima kwa mizani, ganda moja moja.

Uwanjani, meneja akasimama nyuma yangu. "Na hizi za kwako, nani anaanza?"

Nikachukua shotgani. Kisahani cha kwanza kikasagika hewani. Ndipo nikampa yeye, naye akaipokea bila kuuliza tena.

Nilichojifunza: baruti usiyoijua jina haina kipimo, na anayejaza ganda awe tayari kulifyatua mwenyewe. Hii ni kazi ya wenye kibali, msiijaribu uani kwenu.

Mafundi wenzangu na wenye magobole ya urithi, semeni yenu. Wazaramo nanyi mnaruhusiwa, ila ingieni kwa adabu.