Gari la Mjomba Lililolala Sandukuni

Mjukuu wangu alikuja Jumapili kunisalimia, na kama kawaida yake shikamoo ilitoka mdomoni huku macho yakiwa kwenye simu. Nikamuuliza huko ndani kuna nini kinachonishinda mimi uzuri. Akacheka, akanionyesha picha ya boksi lililofifia rangi, juu yake limechorwa gari la zamani sana, lisilo na paa, magurudumu membamba kama ya baiskeli, na taa mbili za shaba mbele. Akaniambia ndani yake mna vipande vya gari hilohilo, dogo la kutosha kukaa kiganjani, na mwenye nalo huliunganisha mwenyewe. Siku hizi yamekuwa adimu, watu wanayasaka dunia nzima. "Na lenye thamani, bibi, ni lile ambalo halijaguswa. Ukiliunganisha tu, umeliharibu."

Nilimrudishia simu yake nikaingia jikoni. Wewe shoga yangu unanijua, sipendi watoto wanione nikilia. Boksi lile nililifahamu kabla hata mama yake mtoto huyu hajazaliwa.

Nililelewa Mofu, kijiji cha kando ya mto, kwa bibi mzaa mama, maana mama alikuwa ameolewa Malinyi na watoto walikuwa wamemzidi. Miaka hiyo ya hamsini, mpunga ukianza kukomaa tulihamia shambani, tukalala juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia mpunga, na kuanzia alfajiri kazi yangu ilikuwa kupiga debe na kupiga kelele hadi sauti ikauke, ndege wasitumalize. Mchana tulikula wali kwa samaki kitoga aliyekaushwa kwa moshi. Msimu wa pepeta, ule mchele mchanga wa kubonda, ulipofika, kijiji kizima kilinukia mpunga mbichi unaokaangwa, na milio ya mitwangio ilijibizana kutoka ua hadi ua. Nikisikia harufu ile leo, naona njaa hata kama nimeshiba.

Mwenzangu wa dunguni alikuwa mjomba, mdogo wa mwisho wa mama. Hakuwa ameoa. Ujanani alikuwa utingo wa mlowezi mmoja wa Ifakara, mwenye gari lililokuwa kuukuu hata kwa wakati ule. Kazi ya mjomba ilikuwa kupiga hendeli, kile chuma cha kuzungusha mbele ya gari, mpaka injini ikubali. Siku moja hendeli ikamrudia, ikamvunja kifundo cha mkono, na mkono ukaunga vibaya. Mlowezi akatafuta utingo mwingine. Mjomba akarudi kushika jembe kwa mkono uliopinda, lakini gari lile hakuliacha. Alinisimulia sauti yake, harufu ya petroli na ngozi ya viti, na jinsi watu walivyokimbilia barabarani kulitazama. Mimi nilimtania kwamba angeoa gari kama lingekubali kutolewa mahari.

Kisha akaja mzungu wa kupima maji ya mto, na mjomba akawa mpishi wake. Siku ya kuondoka, mzungu yule, aliyekuwa amechoka kusikia habari za gari, alimpa boksi. Juu yake palichorwa gari la aina ileile iliyomvunja mkono. Mjomba alilileta nyumbani akiwa amelikumbatia kama mtoto aliyelala. Hapo akafanya kosa ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya. Akiogopa mchwa na unyevu, akampa bibi amtunzie sandukuni.

Wewe unayajua masanduku ya mabibi wa zamani. Kitu kikishaingia mle, si chako tena, ni cha siku yake. Ndani yake mlikuwa na kanga ambazo hazijawahi kuguswa na maji, sahani za wageni ambao hawakuja, na sanda yake mwenyewe. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Mjomba alipotaka boksi lake, bibi alimwambia asubiri mavuno. Baada ya mavuno akamwambia aoe kwanza, amuundie mwanawe. "Mtu mzima kuchezea vigari! Gari kubwa lilikuvunja mkono, hili dogo litakuvunja jina."

Basi tulibaki na siku moja tu kwa mwaka. Maji ya masika yakishapungua, bibi alilitoa sanduku uani akaanika vitu vyote kwenye mkeka, visiote ukungu. Mimi niliwekwa kufukuza kuku. Mjomba aliacha kazi zote siku hiyo. Alinawa mikono, akaketi, akafungua boksi taratibu. Vipande vilikuwa vimeshikana kwenye vijiti vyake kama samaki kwenye mtungo, vyeusi na vyekundu, laini kama ukucha. Alinionyesha usukani, mwembamba kuliko pete. Alinionyesha kiti cha dereva, taa, na hendeli yenyewe, ndogo kama mguu wa panzi. Kila kimoja alikishikilia hewani mahali ambapo kingekaa, na nakuambia ukweli, nililiona gari zima. Gundi iliyokuja nalo ilikuwa imekwishakauka. "Si neno," alisema, "ulimbo wa kunasia ndege upo."

"Mama, niachie leo tu, niunge hata gurudumu moja," alimwomba mwaka mmoja. Bibi alikuwa anakung'uta kanga zake, hata hakugeuka. "Rudisha. Jua linazama."

Masika iliyofuata, mto ulipanda kuliko tulivyozoea, na mjomba akashikwa na homa kali. Wanaume wakamlaza kwenye mtumbwi wampeleke Ifakara. Lori lililokuwa likimsubiri liliishia ng'ambo ya maji, barabara ikiwa imemezwa, na dereva akawa anapiga honi ili wenye mtumbwi wajue pa kuelekea. Waliorudi walisema mjomba aliisikia honi ile akauliza ni gari gani. Hakungoja jibu.

Kwetu mtu akizikwa, vyombo vyake huwekwa juu ya kaburi, lakini kwanza huvunjwa, maana chombo kizima ni cha walio hai. Kazi hiyo alipewa jirani yetu mvuvi. Alilipiga bakuli la mjomba kwa kisogo cha jembe, kisha kikombe chake. Ndipo bibi akaja kutoka nyumbani, ufunguo ukining'inia kifuani, ameshika boksi kwa mikono miwili. "Mpeni na gari lake," alisema.

Jirani akainua jembe, kisha akalishusha. Akafunua boksi, akatazama ndani kwa muda, akamgeukia bibi. "Mama, mbona hili limeshavunjwa?"

Mimi ndiye niliyepiga kelele, kwa sauti yangu ya kufukuzia ndege, "Halijavunjwa! Halijaunganishwa!" Wanawake wakanishika mabega. Jirani alinitazama kwa huruma. "Haya, mwanangu," alisema. "Kwake sasa ni mamoja." Akavimwaga vipande juu ya udongo, usukani na taa na ile hendeli, katikati ya vigae vya bakuli.

Nilimchukia bibi. Baadaye, nilipokuwa na watoto wangu, nilielewa kwamba aliogopa tu gari lisimchukue mwanawe tena, na bado sikumaliza kumchukia. Mto ulihama, ukachukua vile vipande na makaburi yenyewe. Madungu hayapo, trekta ndogo za pawatila zinanguruma pale tulipopigia debe, na pepeta inauzwa kwenye mifuko ya nailoni. Bibi alizikwa na sanda yake. Zile kanga tulizikuta zimeliwa na nondo kwenye mikunjo, hazikufaa hata kubebea mtoto.

Nilipotoka jikoni mjukuu alikuwa bado ananisubiri. Nilimsimulia haya yote, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliiweka simu chini. Kisha akauliza, "Kwa hiyo lenu lilikuwa kamili, bibi? Halikupungukiwa na kipande hata kimoja?"

"Lilikuwa kamili," nikamjibu. "Aliyepungua ni mwenyewe."